Fundi Kioo na Hewa ya Kulipia

Jina la Kioo hakupewa na mama yake. Alipewa na mafundi wenzake akiwa kijana, siku meneja wa machimbo alipoingia katika nyumba mpya, akainamisha macho, akauona mwanga wa dirisha umelala wote kwenye saruji iliyolainishwa ya sakafu, kama kwenye kioo, akauliza, "Aliyepiga niru hapa ni nani?" Tangu siku hiyo akawa Fundi Kioo, na jina lililoandikwa kwenye cheti likabaki la makarani.

Nyumba zenyewe zilikuwa kumi na mbili, zimeshikana ukuta kwa ukuta, zimechimbiwa kwenye mgongo wa kilima ambacho nusu yake ilikuwa imeshageuzwa kokoto. Mbele zilitazama njia ya gari moja na jua la asubuhi. Nyuma, vyumba viliingia ardhini hadi usawa wa kifua, na kila kimoja kilikuwa na dirisha dogo juu karibu na dari. Kampuni ya machimbo ilizijenga kwa ajili ya wafanyakazi wake, na ilipofunga kazi ikawauzia waliokuwamo. Zote zilikaa juu ya msingi mmoja wa kifusi cha mawe ya palepale kilimani, na sakafu zote kumi na mbili zilipigwa na mkono mmoja. Hilo la mkono mmoja Fundi Kioo alimweleza kila mgeni aliyekanyaga pale, hata aliyekuja kuuza sabuni.

Mkewe aliitwa Mama Pacha kwa sababu iliyo wazi: wa kike na wa kiume, siku moja, saa mbili mbalimbali. Alikuwa fundi cherehani, na chumba cha nyuma kilikuwa karakana yake. Humo mlikuwa na mashine ya kukanyaga kwa mguu, meza ya kukatia, pasi, na rundo la sare za shule lililokuwa halipungui. Baridi ya kilima kile haikuwa na adabu, kwa hiyo dirisha la nyuma lilifungwa mwaka mzima na mlango nao ukafungwa ili joto la pasi lisitoke. Mama Pacha alishona humo miaka thelathini na minne. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni, na mteja aliyekuja na yake aliambiwa aimalizie barabarani.

Basi akaja bibi afya. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kutembelea mbali, na mkobani alikuwa na karatasi za maswali na vidude vyeusi vya plastiki vya kupimia hewa, ambavyo watu walivibatiza vizibo siku ileile. Akaeleza nyumba kwa nyumba, bila kuchoka, kwamba mawe ya kilima kile yanatoa gesi iitwayo radoni. Haina harufu, haina rangi. Nje inapeperuka na kwisha. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya, na mtu akiivuta miaka mingi inaweza kumletea saratani ya mapafu. Dawa yake ni kuziba nyufa za sakafu, kisha kupitisha bomba chini ya zege na kufunga feni ya kuinyonya gesi na kuitupa juu ya paa. Halmashauri ingelipa nusu ya gharama. Nusu nyingine ni ya wenye nyumba, kiasi cha mshahara wa miezi miwili kwa kila mlango, na kwa kuwa msingi ni mmoja ni lazima wote kumi na wawili wakubali. Akikataa mmoja, kazi haifanyiki.

"Ili kupunguza hatari hii nyumbani kwako," alisoma kwenye karatasi yake, "ungekuwa tayari kulipa kiasi gani?"

"Andika sifuri," alisema kinyozi wa nyumba ya saba. "Halafu ipigie mstari huku na huku, wasije wakaibandikia namba mbele."

Bibi wa nyumba ya mwisho, mjane wa miaka sabini na mitano, alitaka kwanza kujua ugonjwa wenyewe unachukua muda gani kujitokeza.

"Miaka kumi, bibi. Ishirini. Wakati mwingine hata thelathini."

"Basi, mwanangu, iambie ikaze mwendo. La sivyo itakuja inikute nimeshaondoka."

Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa safu ile ya nyumba, alitoa maelezo marefu akiwa amesimama mlangoni. Aliyejenga ni kampuni, kwa hiyo kampuni ilipe. Kampuni haipo tena, basi serikali ilipe. Serikali haina fedha, basi walipe wafadhili. Bibi afya akamuuliza, je, na wafadhili wakikosekana? "Hapo sasa," akasema mwalimu, "itabidi tukae kikao." Mke wa dereva wa lori, aliyekuwa na mtoto mchanga kifuani, alisema yeye angelipa, tena angelipa kesho, lakini aulizwe mwenye mfuko, na mwenye mfuko yuko safarini.

Kwa mwezi mzima hapakuwa na mzaha mwingine. Kinyozi akimaliza kunyoa mtu humwambia kichwa ni bei ileile ila hewa aliyovuta humo ndani atailipia kando. Tusiwaone wajinga. Watu hao walikuwa wameamka saa kumi za alfajiri maisha yao yote, na hapakuwa na siku waliyoletewa ankara ya pumzi. Na wala si kwamba hawakuwa na kitu kabisa. Mwaka uliotangulia walichanga bila kusukumwa na mtu wakapaka rangi ukuta wote wa mbele, na mchango haukuwa mdogo. Lakini rangi mpita njia anaiona na kuisifia.

Zamu ya Fundi Kioo ilipofika, hakungoja swali la kiasi gani.

"Hiyo gesi," aliuliza, "inaingilia wapi?"

"Kwenye nyufa za sakafu, Fundi."

"Sakafu ya nani?"

Bibi afya alikuwa mgeni, hakuijua historia. Akajibu vizuri tu kwamba sakafu zote huwa na nyufa, hata zisizoonekana kwa macho, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumsomea methali hiyo mtu aliyeziba nyufa za watu miaka arobaini ni kumtia kidole jichoni. Fundi Kioo alimkaribisha chai, akamsindikiza hadi nje, akarudi ndani akiwa amevimba. Mama Pacha akamwambia, "Baba Pacha, hakukutukana. Kasema sakafu." Naye akajibu kwamba ni kitu kimoja.

Kizibo chao bibi afya alikiweka mwenyewe juu ya rafu, chumba cha nyuma, kwenye usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Akaagiza kikae siku tisini bila kuguswa, dirisha na mlango vifungwe kama ilivyo desturi ya nyumba, ili kisome hewa ileile wanayoivuta kila siku.

Kesho yake Fundi Kioo alimhamishia mkewe mashine chumba cha mbele, akachukua patasi na nyundo, akaanza kubandua ganda la juu la sakafu ya nyuma. Akaziba kila ufa, akapiga niru mpya, ya mkono wake bora. Sasa, saruji mpya lazima inyweshewe maji na iachiwe hewa, hili kila fundi analijua, na hakuna wa kumlaumu kwa wiki ya kwanza, wala ya pili. Lakini Fundi Kioo aliliacha dirisha wazi na mlango wazi siku zote tisini, eti ikauke taratibu, jambo ambalo hakuna sakafu duniani inayolihitaji. Kizibo kikakaa rafuni kikipigwa na upepo. Yeye hakusema moyoni mwake kwamba anadanganya. Alisema anailinda kazi yake.

Siku ya tisini na mbili alifunga dirisha. Mashine ikarudishwa nyuma.

Barua za majibu zilipokuja, nyumba kumi na moja zilikuwa na gesi mara tatu, mara nne, moja hata mara sita ya kiwango kinachokubalika. Nyumba ya Fundi Kioo ilikuwa chini kabisa ya kiwango. Alisoma barua yake mara mbili, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, na kwa siku kadhaa shati hilo halikwenda kufuliwa.

Kikao kiliitwa siku ya mapumziko, nje, mbele ya nyumba, kila mmoja na kiti chake. Bibi afya akasema kwamba matokeo ndiyo hayo na anaomba saini. Watu wakatazamana. Hofu ilikuwa imewaingia, tusidanganyane. Barua yenye muhuri haina mchezo. Mke wa dereva alikuwa tayari ameshika kalamu. Siku ile, kama mtu mmoja mwenye heshima angesema tuchange, wangenung'unika lakini wangechanga.

Fundi Kioo akasimama, barua mkononi.

"Msingi ni ule ule," akasema. "Zege ni lile lile. Fundi ni huyu huyu mnayemwona. Yangu imepimwa na kizibo kilekile, na karatasi hii hapa, ni safi. Tofauti ni moja tu, matunzo. Mnaburuta vitanda, mnapasulia kuni ndani, ufa ukitokea mnaufunika na mkeka. Nunueni mfuko mmoja wa saruji kila nyumba, mimi nitawazibia bure. Mabomba na mafeni ya nini?"

Ungeona mabega yalivyoshuka. Kila mtu pale alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na Fundi Kioo aliufungua wote.

Bibi afya alitazama karatasi zake, akamtazama Fundi. "Samahani, Fundi. Kizibo chako kilikaa palepale nilipokiweka?"

"Palepale."

"Na dirisha lilikuwa limefungwa kama siku zote?"

Watu wakamgeukia. Mama Pacha hakuwapo. Alikuwa ndani akimalizia sare za mteja.

"Kama siku zote," akasema Fundi Kioo.

Saini hazikupatikana. Kinyozi alisema kama tiba ni mfuko wa saruji, basi yeye ameshapona. Mifuko yenyewe ilinunuliwa na watu wanne, na Fundi akawazibia nyufa kama alivyoahidi, nyufa zile zinazoonekana. Kabla ya kuondoka bibi afya aliwaomba jambo moja la mwisho, lisilo na gharama: angalau walale na kufanya kazi vyumba vya mbele, na vya nyuma wavifungulie madirisha. Kuna waliomsikia na kuna waliokuwa wameshabeba viti.

Fundi Kioo alimsikia vizuri. Aliingia ndani, akasimama mlangoni pa chumba cha nyuma. Mkewe alikuwa ameinama juu ya mashine, sindano inakwenda, dirisha limefungwa. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini mashine ikikaa chumba cha mbele, safu nzima ingeiona dirishani, na mtu angeuliza kwa nini mke wa mwenye nyumba safi amekimbia chumba chake. Akauliza chakula kiko wapi. Huo ndio ukweli wake, na ni mchungu, lakini ulikuwa hivyo siku ile na siku zilizofuata, miaka minne.

Kikohozi cha Mama Pacha kilianza kama cha vumbi la pamba. Alikunywa maji ya moto, akanywa dawa za dukani, akasema ni baridi, akasema ni umri. Kisha akaanza kupungua hata akapunguza magauni yake mwenyewe kwa mashine yake mwenyewe. Siku alipokohoa damu kwenye sare nyeupe ya mtoto wa watu, Fundi Kioo alikodi gari.

Hospitali kubwa, daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kama mama anavuta sigara. Havuti. Mume? Aliacha zamani. Kazi gani? Wapi? Nyumba za aina gani? Fundi Kioo alijibu yote akitazama sakafu ya ofisi, sakafu mbovu, imeinamia kushoto. Daktari akachora pafu kwenye karatasi, akalitia doa, kisha akatia madoa mengine mahali pengine, akaweka kalamu.

Kutoka kwenye benchi la kungojea nje, Mama Pacha akiwa amepelekwa kupiga picha nyingine, Fundi alirudi peke yake akabisha mlango.

"Daktari, ni ile hewa?"

"Yawezekana kabisa, mzee."

"Kama angetoka humo miaka minne iliyopita?"

"Hakuna anayeweza kukwambia ni mwaka upi uliomdhuru. Huenda ugonjwa ulikuwa umeshaanza. Huenda haukuwa umeanza."

Lile neno "umeshaanza" Fundi Kioo alilishika kwa mikono miwili akaondoka nalo. Halikufika naye hata nyumbani.

Yule pacha wa kike alikuja kumuuguza mama yake, na kitoto chake cha miezi minane. Fundi akawapa wote watatu chumba cha mbele, akaamuru dirisha lisifungwe hata kwa baridi, wajifunike mablanketi. Yeye akahamia nyuma. Alipanda basi hadi ofisi ya bibi afya, akaomba kizibo kingine, na bibi afya, ambaye sasa alivaa miwani, alimpa bila kumuuliza kitu. Siku tisini Fundi alilala na kile kizibo rafuni, dirisha limefungwa kama siku zote. Barua ilipokuja ilisema mara saba. Ilikuwa ndiyo nyumba mbaya kuliko zote kumi na mbili.

Bibi afya akamwambia mpango wa nusu kwa nusu ulikuwa unafungwa mwisho wa mwaka. Fedha bado zipo, kwa sababu safu nyingine nazo zilikataa. Zikipatikana saini kumi na mbili, kazi ingefanyika.

Fundi Kioo akaanza kubisha milango. Alivaa koti, akakamata barua, akaenda nyumba moja baada ya nyingine kama bibi afya alivyofanya, na alijibiwa kama bibi afya alivyojibiwa, ila kwa heshima zaidi kwa sababu ana mgonjwa.

"Pole sana, Fundi, pole na mama," alisema mwalimu mstaafu. "Lakini si wewe uliyetuambia ni matunzo?"

"Mimi ulinizibia mwenyewe," alisema kinyozi, akionyesha kwa wembe. "Sakafu yangu iko sawa. Naikanyaga kila siku, sijawahi kuona kitu kimetoka."

Bibi wa nyumba ya mwisho alikuwa amefika sabini na tisa na alikuwa mzima kuliko wote, jambo alilolitumia kama ushahidi. Mke wa dereva peke yake ndiye aliyesaini palepale mlangoni. Mtoto wake mchanga wa enzi zile alikuwa sasa anakimbia, na wa pili alilala chumba cha nyuma.

Ikaonekana wazi kwamba bila kusema yote, hatapata kitu. Fundi Kioo alikaa na jambo hilo siku tatu. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho watu walimheshimia, na hicho ndicho kilichotakiwa. Siku ya nne alimwendea mwalimu akamwomba aite kikao.

Viti vikapangwa mahali palepale, mbele ya nyumba. Kwa bahati mbaya au kwa haki, sijui, mahali hapo ni chini ya dirisha la chumba cha mbele cha Fundi Kioo, lile ambalo yeye mwenyewe aliamuru lisifungwe. Alipokumbuka, watu walikuwa wameshakaa. Akaanza kwa sauti ya chini.

"Hatusikii huku, Fundi," akasema mwalimu. "Pandisha."

Akapandisha. "Nasema, nyumba yangu haikuwa safi. Haijawahi kuwa safi. Kizibo kilipowekwa, mimi nilifungua dirisha na mlango siku zote tisini. Bibi afya aliniuliza mbele yenu nikamdanganya. Niliona aibu sakafu yangu kusemwa. Nyinyi mlikuwa mnataka kusaini, mimi nikawazuia. Mke wangu ndiyo hivyo mnavyomwona. Nawaomba, kwa ajili ya watoto mlio nao huko nyuma, sainini. Asiyeweza kulipa yote, kazi ya saruji nitamfanyia bure mpaka mikono ikatike, kile atakachookoa akitie kwenye bomba."

Bibi afya, aliyekuwa amekaa pembeni na fomu zake magotini, alitazama chini. Ndani ya nyumba kikohozi kilianza, kikakoma.

Kinyozi ndiye aliyeanza kusema. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa na watoto watatu na aliwapenda. Lakini alikuwa amepigwa na wazo, na wazo likimpiga kinyozi lazima alitoe.

"Ngoja kidogo, Fundi. Unasema ulifungua dirisha, kizibo kikasoma uongo?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo vizibo hivi vinadanganyika."

"Nilikidanganya mimi."

"Sawa, ulikidanganya wewe. Lakini kinadanganyika! Wewe ulikishusha. Cha kwangu je, nani anajua kama hakikupanda? Mama watoto alikuwa anachemsha maji humo humo mwaka ule, mvuke mpaka dari."

"Mvuke haupandishi kipimo," alisema bibi afya.

"Na mimi nilikuwa naanika magunia ya mkaa," alisema mtu wa nyumba ya tano.

"Mkaa pia hau..."

"Kwangu kilianguka mara mbili," alisema mwingine. "Mtoto alikipiga teke."

Maneno yakaanza kupandana. Kila mtu akawa anakumbuka kitu ambacho kizibo chake kiliwahi kufanyiwa, na kila aliyekumbuka alionekana amepumzika. Fundi Kioo alisimama katikati ameinua mikono, anasema sivyo, jamani, sivyo, mimi ndiye niliyefanya, nyinyi vyenu vilikuwa vya kweli. Hakuna aliyembishia. Walikuwa wanamshukuru. Mwalimu mstaafu alisema neno zuri juu ya ujasiri wa kukiri kosa, kisha akasema kwamba kwa kuwa vipimo vimeonekana kuwa na walakini, ingekuwa busara vipimwe upya kwanza kabla ya watu kutoa fedha zao. Bibi afya akasema kupima upya ni siku tisini, na mpango unafungwa baada ya hamsini. Mwalimu akasema basi hilo ni la halmashauri kulitafakari.

Saini zilipohesabiwa zilikuwa tano. Mke wa dereva alilia waziwazi, akachukua watoto wake akaingia ndani. Bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye alikuwa miongoni mwa watano bila mtu kutarajia, alimshika Fundi mkono akasema, "Mwanangu, ungenyamaza tu tungesaini kwa huruma." Hakukusudia kumuumiza.

Mama Pacha hakusema kitu siku hiyo, wala ya pili. Alikula alicholishwa, akamcheka mjukuu alipopiga chafya. Yule pacha wa kike naye hakumwita baba yake kula, alimwekea chakula mezani na kuondoka. Siku ya tatu lilikuja gari. Binti alikuwa na vyumba viwili ghorofani kwenye mji anakofanyia kazi, juu kabisa, na alisema mama atamalizia kukaa huko. Alitumia neno hilo, kumalizia, akijua.

Fundi Kioo alibeba mabegi, akabeba mablanketi. Mwishowe akambeba mkewe mwenyewe, kwani hakuwa na uzito tena, akamketisha kiti cha nyuma na kumkunjia khanga magotini. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa siku tatu alikuwa amengoja matusi, na alikuwa anayahitaji.

"Baba Pacha," alisema Mama Pacha, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ule uongo wa kikaoni nimeshakusamehe. Heshima ya kazi naijua. Hata mimi mtu akilisema vibaya shono langu silali."

"Mama Pacha..."

"Ngoja nimalize, pumzi ni chache. Nimekuwa nikijiuliza siku hizi tatu. Kile kikao kilipoisha, uliingia ndani. Ungeniambia tu nihamishe cherehani. Nisingekuuliza hata kwa nini."

Safu nzima ilikuwa milangoni kuaga. Fundi Kioo aliinama hadi kichwa chake kikaingia ndani ya gari, ili wasimsikie.

"Niliogopa wangeona," alisema.

Mkewe alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa.

"Wangeona nini?" akauliza. "Mwanamke na cherehani."

Binti akasema njia ni ndefu, akaomba baba atoe mkono wake kwenye mlango.